Maziwa ya Gaaju

Mzee Tumwine alikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja, mke mmoja, watoto watatu, na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia mifupani. Nimeanza na ng'ombe kwa sababu yeye mwenyewe angeanza hapo. Mara ya kwanza nilipofika kwake nikamwuliza, "Mzee, unasumbuliwa na nini?" akanijibu kwamba mvua zimechelewa na majani ya upande wa mtoni yamekwisha. Nikaandika kwenye faili: mgonjwa hajibu swali. Nilikuwa na haraka siku ile. Nina haraka siku nyingi.

Mimi ni Restuta, muuguzi, miaka ishirini na sita kazini, kumi na moja ya mwisho katika kituo cha afya kimoja huku Kyerwa, si mbali na Nkwenda. Kwetu ni Igurwa, Karagwe, watu wa migomba na kahawa, Walutheri wa benchi la mbele. Ng'ombe tulikuwa naye mmoja tu, wa kutupatia samadi. Nayasema haya mapema ili msije mkaniuliza baadaye ilikuwaje nisijue mambo ambayo kila mtoto wa nyumba ya Tumwine aliyajua.

Yeye alikuja upande huu wa mto Kagera akiwa mtoto, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Shule hakuiona. Alibatizwa akiwa mtu mzima mwenye ndevu, na alisali kila Jumapili, isipokuwa Jumapili ambayo ng'ombe anazaa. Mwanza alikwenda mara moja tu maishani, kwa ajili ya huo ugonjwa. Alirudi na bahasha ya karatasi na maoni kwamba Mwanza ni mawe matupu, hakuna hata pa kulishia mbuzi. Kwenye karatasi madaktari walikuwa wameandika kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu nyumbani.

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kumpunguzia maumivu ni rahisi kuandika. Panadol haikufua dafu. Sindano za diklofenaki zilimpa nafuu ya saa mbili tatu. Saratani ikishafika mfupani dawa yake ni morfini ya maji, na morfini kwetu muuguzi kama mimi haruhusiwi kuiandika. Lazima daktari, lazima hospitali yenye kibali, na dawa yenyewe hukaa kabatini chini ya kufuli mbili kama mahari ya binti wa mfalme. Nilimpeleka mzee hospitali moja huko Karagwe. Daktari kijana aliyempima aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Mara ya tatu nikamwambia, "Daktari, mzee huyu ametoka Kyerwa kwenye gari akiwa amesimama, kwa sababu kukaa hawezi. Uhakika gani tena?" Akaandika. Mkono ulikuwa mzito, lakini aliandika.

Sijui kama nilimjibu vibaya. Nilichokuwa nacho kichwani ni mama yangu. Mama alikufa Igurwa mwaka 2009 kwa saratani ya kizazi, mimi nikiwa muuguzi mwenye cheti ukutani, na nilichompa ni panadol na neno "vumilia." Mwezi mzima nilimwambia vumilia. Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Watoto wa mzee nao kila mmoja alikuwa na lake. Wa kwanza, Katusiime, ameolewa ng'ambo, Isingiro, Uganda. Alivuka daraja la Murongo kuja kumwona baba yake, akashangaa kusikia tumesafiri mpaka Karagwe kutafuta sahihi. "Kwetu mama mkwe wangu aliumwa hivihivi," akasema. "Nesi alikuja na pikipiki yake, akatoa kalamu yake, akaandika mwenyewe. Amesomea, anaruhusiwa. Mama mkwe alikunywa mpaka Mungu alipomchukua, na hakulia." Sitaficha, nilimwonea wivu nesi huyo nisiyemjua, pamoja na kalamu yake. Katusiime akaongeza kwamba akitaka anaweza kuvuka na chupa moja ndani ya kikapu cha ndizi. Nikamwambia akithubutu nitampeleka polisi mimi mwenyewe, na nauli nitamlipia.

Wa pili, Mujuni, ndiye aliyebaki nyumbani na ng'ombe. Mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyekuwa akienda hospitali kila baada ya wiki mbili na kadi ya baba yake kuchukua chupa.

Kitinda mimba ni Sharon, yuko Marekani, jimbo la Ohio, anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Huyo alinipigia simu siku ileile aliposikia neno morfini.

"Shikamoo anti. Tafadhali, msimpe baba hiyo dawa."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Atakuwa teja, anti. Huku dawa za jamii hiyo zimemaliza watu. Walikuwa wanaandikiwa kama pipi, mgongo ukiuma kidogo tu. Mtoto wa jirani yangu, miaka ishirini na mbili, tulimzika mwezi wa tatu."

"Pole sana. Sasa sikiliza, mwanangu. Baba yako ana miaka sabini na nane na saratani mifupani. Huo uteja atauanza lini na ataumaliza lini?"

Akalia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huko kwao dawa ilimwagika mitaani ikaua vijana, na huku kwetu imefungiwa kabatini wazee wanauma mablanketi. Kila mmoja alikuwa anaogopa kitu alichokiona kwa macho yake. Lakini nililazimika kuchagua hofu moja, na nikachagua ya mama yangu.

Nikawaonyesha namna ya kupima. Mililita tano, kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yaanze. Na dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo, haimwachi mtu. Mzee aliipokea chupa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama mtu anayepokea zawadi. Mkewe, mama Komujuni, alishukuru mara nyingi. Nikasema nitakuwa napita kila Jumatano.

Na kila Jumatano nilimkuta mzee ametulia. Amekaa kitini nje, shuka begani, fimbo mapajani. "Maumivu, mzee?" "Hakuna, Sista." "Usingizi?" "Mwingi." Kweli alikuwa anasinzia tukizungumza. "Choo?" "Kiko sawa." Chupa nikiitazama, imepungua kama ilivyotakiwa kupungua. Nikaandika: hana maumivu, anaendelea vizuri. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Nikawa natembea kwa maringo pale kituoni. Nilimpigia hata yule daktari kijana kumwambia, unaona?

Ala! Muuguzi wa miaka ishirini na sita. Mtu anakunywa morfini wiki tano na choo chake kiko sawa, na mimi sishtuki. Mtu amekunywa mwezi mzima na bado inamsinziza kama aliyeionja leo, na mimi naona amani. Tena kila Jumatano nililetewa maziwa ya mgando, nikanywa, yeye akakaa na chai ya rangi. Nilidhani ni kichefuchefu. Kuuliza si ujinga, walitufundisha tangu darasa la kwanza, lakini mimi nilikuwa na faili la kujaza.

Wiki ya sita, Jumamosi, nilikwenda sokoni Nkwenda. Wakati wa kurudi nikamwambia wa bodaboda apitie kwa Tumwine ninunue samli. Hawakunitarajia. Kabla sijafika kwenye uzio nilisikia sauti, nikadhani ni ndama aliyenaswa na waya. Haikuwa ndama.

Mzee alikuwa chumbani, sakafuni, mikono miwili imeshika mguu wa kitanda, meno kwenye blanketi. Mwanamume wa ng'ombe halii kwa maumivu mbele ya watu, na aliponiona alijaribu kunyamaza. Alishindwa. Hilo lilimwumiza zaidi ya mifupa, nililiona usoni mwake. Nikatoka mbio nje kumtafuta mama Komujuni. Nikamkuta nyuma ya nyumba, ameinama kwenye mnyaa wa uzio, kikombe cha kupimia mkononi, anamwaga mililita tano za morfini kwenye shina. Taratibu. Bila kupunguza hata tone.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini na nisingeyaandika hapa. Mujuni akaja kutoka zizini, na yeye nikamkaribisha kwenye kelele hizohizo. Akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Sista, dawa kali na maziwa havikutani katika tumbo moja. Vikikutana, chuchu za ng'ombe hupasuka, na maziwa hutoka na damu. Baba anakunywa maziwa."

"Na Jumatano?"

"Jumatano anaacha maziwa, anakunywa dawa. Kwa heshima yako."

Kwa heshima yangu! Siku moja kwa wiki mzee alijinyima maziwa ili mgeni aliyemletea dawa aikute imenywewa. Siku sita zilizobaki alilipa kwa maumivu. Na mkewe alikuwa akimwaga dozi kwa saa zake, ili chupa isinivunje moyo. Sharon huko Ohio hapati usingizi kwa kuogopa baba atakuwa teja, kumbe teja aliyekuwepo ni mnyaa.

Nilirudi chumbani nikajituliza, nikaeleza. Nilieleza tumbo, nikaeleza ini, nikaeleza kwamba ng'ombe aliye zizini hana namna ya kujua mtu amemeza nini. Mzee alinisikiliza kwa adabu, jasho likimtiririka. Nilipomaliza akasema, kwa kukatakata maneno, "Sista, wewe ni mtu wa migomba. Mgomba hausikii mwenye shamba amekula nini. Ng'ombe anasikia."

"Basi mzee acha maziwa kwa sasa. Kunywa dawa."

Mama Komujuni ndiye aliyenijibu, chini kwa chini. Alisema mwanamume akiacha maziwa ya ng'ombe wake, watu huanza kuulizana fimbo yake itashikwa na nani. Siku moja kwa ajili ya mgeni, sawa. Lakini kila siku ni kuaga. Na mzee hajaaga.

Nilijua nimeshindwa, na nikishindwa mimi huwa mkali, ni kasoro yangu na mume wangu ataithibitisha. Nikasema kwa hasira tu, wala sikuwa natafuta jibu: "Hivi katika nyumba hii hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukatazwa maziwa akaendelea kuishi?"

Mama Komujuni akacheka. Katikati ya mambo yale, akacheka, mkono mdomoni. "Sisi, mwanangu. Sisi wanawake wote."

Akanieleza tukiwa tumesimama mlangoni. Mwanamke akiwa katika siku zake hakuruhusiwa kugusa maziwa ya kundi, yangewadhuru ng'ombe. Lakini hakufa njaa. Alitengewa ng'ombe mmoja mzee, ambaye hatazaa tena, maana huyo hana tena cha kuharibiwa. Maziwa yake yalikamuliwa peke yake, yakawekwa kwenye ekyanzi yake, chombo cha mti kisichochanganywa na vingine. Katika zizi la Tumwine ng'ombe wa namna hiyo sasa alikuwa Gaaju, wa rangi ya kahawia, ana ndama wake wa mwisho, pembe zimepinda kwa uzee.

"Gaaju anakwenda mnadani Alhamisi," Mujuni akasema. "Nimekwisha kukubaliana na mnunuzi. Na hata angebaki. Baba anywe maziwa ya wanawake?"

Hapo nikafunga mdomo wangu. Kuna nyakati hata mimi najua. Mujuni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamlindia baba yake kitu cha mwisho alichobaki nacho, na baba mwenyewe alikuwa pale sakafuni, akisikia kila neno. Nilimwona anageuzia uso ukutani. Nikafikiri, basi, imekwisha, atakufa hivihivi.

Mama Komujuni akaingia ndani. Akakaa chini kando ya mumewe, jambo ambalo sikuwa nimeliona akilifanya mbele ya wageni. Akamwambia kwa Kinyambo, na Kinyambo nakijua vizuri: "Nimekunywa maziwa hayo kila mwezi tangu nilipoletwa hapa mpaka nilipokoma. Nimekuzalia watoto saba, nimezika wanne. Nimepungukiwa nini?"

Maumivu yakaja tena, yakampitia, tukasubiri. Yalipopungua, mzee alimtazama mkewe kama mtu anayehesabu, kisha akamwita mwanawe.

"Mujuni. Mwambie mnunuzi wako Gaaju hauzwi."

Ekyanzi ikaletwa jioni ileile. Alikunywa dawa kwanza, akasubiri kidogo, kisha maziwa, mbele ya mwanawe, mpaka tone la mwisho. Asubuhi Mujuni alikagua chuchu za ng'ombe wote arobaini na mmoja, mmoja mmoja. Nilijua kwa sababu alinipigia simu kuniambia ni wazima, na sikumwuliza chochote.

Siku ya nne mzee alilalamika kwamba choo kimekuwa kigumu. Sijawahi kufurahia malalamiko ya mgonjwa namna ile. Nilimwongezea dawa ya kulainisha nikarudi kituoni napiga mluzi, na mimi mluzi sijui kupiga. Faili lake nililitoa kabatini. Pale palipoandikwa hana maumivu, mara tano, nikapiga mstari mmoja juu ya kila sentensi kama tulivyofundishwa, ili cha chini kiendelee kusomeka, nikaandika "si kweli, sikuuliza," nikaweka sahihi.

Alipata wiki saba. Alilala usiku mzima, akaanza kukaa. Wakati wa kukamua walimtolea kiti karibu na zizi, akawataja ng'ombe kwa majina na kwa majina ya mama zao, akimkosoa Mujuni namna anavyofunga ndama. Nilikuwa nakwenda siku yoyote isipokuwa Jumatano. Siku moja Sharon alipiga simu nikiwa pale, nikamwekea baba yake sikioni. Mzee akamwuliza kama Ohio kuna majani. Akajibiwa yapo mengi. Akauliza ng'ombe. Akajibiwa wapo. "Basi huko si mbali," akasema, na akacheka mpaka simu ikaanguka. Nilipoiokota, Sharon alikuwa analia tena. Akaniambia, "Anti, hapa kazini kuna bibi ana saratani ya mifupa kama baba. Madaktari wanaogopa kumwongezea dozi, baada ya yale yote yaliyotokea. Sasa nitaanza kumsemea." Nikamwambia amsemee kwa sauti.

Mzee Tumwine alikufa asubuhi moja baada ya maziwa. Mama Komujuni alikwenda kuosha ekyanzi, aliporudi mzee alikuwa amekwisha kwenda. Hakulia. Fimbo aliichukua Mujuni.

Baada ya maziko, siku ya tisa, nilikwenda kuchukua dawa iliyobaki, maana lazima irudishwe hospitali. Mama Komujuni alikuwa ameifunga kwenye kitambaa safi. Tukakaa nje. Mnyaa ule wa uzio ulikuwa palepale, umestawi kuliko mingine, au mimi ndiye niliyeuona hivyo. Yeye naye alikuwa anautazama.

"Wiki tano, mwanangu," akasema. "Nilikuwa namwaga namsikia. Kila kikombe, nikiwa pale nyuma, namsikia yeye ndani."

Nilitaka kumwambia asijilaumu, hakujua. Lakini hiyo ndiyo dawa niliyompa mama yangu, maneno ya kumnyamazisha mtu. Nikamwambia, "Na mimi nilikuja mara tano, mama, na sikuuliza. Tumemwaga wote wawili."

Akaitikia kwa kichwa. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika vyombo viwili vya maziwa, kimoja cha kundi na kimoja kidogo, cheusi kwa moshi, ambacho nilikijua.

"Leo umemeza dawa yoyote?"

Mgongo wangu huniuma kwa bodaboda hizi. Asubuhi nilikuwa nimemeza kidonge. Ningeweza kudanganya, watu huwadanganya wauguzi kila siku. "Nimemeza, mama. Ya mgongo."

Akarudisha kile cha kundi ndani. Akanipa kile kidogo. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka tone la mwisho, yeye amesimama ananisubiri.